Ugonjwa wa Moyo Unaoanzia Kooni

Somo la toleo hili linahusu moyo. Tunaomba mlisome kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na mkifika mahali penye swali msimame kwanza mzungumze. Si lazima mmalize siku moja. Somo ni refu kidogo kwa sababu jambo lenyewe lina kona nyingi.

Ukitaja ugonjwa wa moyo katika baraza, wengi wanamfikiria mzee wa mjini, mnene, mwenye gari, anayekula nyama choma kila jioni. Watu wa namna hiyo wapo, na presha ipo hata huku kwetu vijijini. Hiyo tutaizungumzia siku nyingine. Lakini kuna ugonjwa wa moyo ambao haujui matajiri. Unawapata watoto wa nyumba ndogo, wale wanaolala wengi chumba kimoja. Unaanza na koo la kuumwa tu. Halafu unanyamaza miaka kumi au zaidi, na unarudi wakati mtoto yule amekuwa kijana anayebeba magunia, au mama mwenye mimba ya pili. Unaitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki.

Kati ya mwaka 2010 na 2012, madaktari wa moyo wakiongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, ambaye alifariki 2018, waliwaandikisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 14. Nyingi zilikuwa nchi za Afrika, na Kenya ilikuwemo. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Hebu tazameni waliokaa hapo kikundini mwone ni nani wana miaka 28. Ndio hao wenye watoto mgongoni.

Kutoka kooni hadi moyoni

Kuna bakteria wanaoitwa streptokokasi. Wanakaa kooni, na wanapita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa kikohozi, chafya na mate, hasa pale watoto wanapolala wamebanana na dirisha limefungwa. Mtoto anapatwa na homa, kumeza kunamshinda, tezi za shingo zinavimba, na ukimfungua mdomo kwenye mwanga unaona koo jekundu, pengine lina usaha mweupe. Siku tatu au nne anapona, anarudi kucheza. Mama anashukuru kwamba mambo yameisha.

Kumbe hayajaisha. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na askari hao walipokuwa wakipigana na bakteria wa kooni waliikariri sura ya adui. Shida ni kwamba sehemu fulani za bakteria huyo zinafanana na sehemu za mwili wa mtoto mwenyewe, hasa za moyo. Kwa watoto wachache, si wote, baada ya wiki mbili au tatu hivi askari wanageuka na kuanza kupiga nyumba yao wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Wengi inaowapata ni wa miaka 5 hadi 15.

Namna inavyojionyesha ndiyo inayowachanganya watu. Leo goti limevimba, lina moto, mtoto hataki hata shuka iliguse. Keshokutwa goti limepoa, sasa ni kifundo cha mguu. Halafu kiwiko. Maumivu yanahama. Nyumbani wanasema anakua, mifupa inanyooka. Dukani wanampa dawa ya maumivu, na kweli yanapoa upesi, kwa hivyo hakuna tena anayefikiria hospitali. Wengine wanaambiwa ni brusela, au taifodi, au malaria ya viungo, na wanakunywa dawa za magonjwa hayo yote matatu kwa zamu. Viungo vinapona vyenyewe bila kuacha kilema. Moyo ndio unaobaki na kovu.

Watoto wengine, hasa wasichana, wanapatwa na jambo la ajabu zaidi. Mikono, miguu na uso vinaanza kuchezacheza vyenyewe. Kikombe kinaanguka. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika. Anakunja uso bila kukusudia, analia au anacheka bila sababu. Shuleni anaadhibiwa kwa utundu, nyumbani wanatafuta ni nani amemroga. Lakini akilala usingizi, mikono inatulia. Jambo hili linaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo kupona, wakati ambapo koo lenyewe kila mtu amelisahau. Mkimwona mtoto wa namna hiyo, tafadhali msimpeleke kwanza kwa mganga wala kwa mwalimu wa nidhamu. Mpelekeni kituo cha afya, na mseme waziwazi kwamba mnauliza kuhusu rumatiki.

Mwaka 1944 daktari mmoja wa Marekani, T. Duckett Jones, aliziweka dalili hizi katika orodha: moyo kuvimba, viungo vinavyohama, mikono inayocheza, vinundu chini ya ngozi, na madoa ya ngozi ambayo kwa ngozi nyeusi ni vigumu kuyaona. Orodha yake imerekebishwa mara kadhaa, lakini madaktari bado wanaitumia. Kwa nini orodha? Kwa sababu hadi leo hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au la. Daktari anakusanya vipande vipande mpaka picha ikamilike, na vipande vingi viko nyumbani kwa mgonjwa, haviko maabara.

Moyo na milango yake

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne, na kuna milango minne ambayo madaktari huiita vali. Kazi ya mlango ni kufunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Vikundi vyenye kisima cha bomba la mkono mtaelewa upesi. Mpira wa ndani ukichakaa, unapiga mkono mpaka jasho linakutoka na maji yanarudi chini. Anayepita njiani anasema pampu ni nzima kwa sababu anaona mkono unapanda na kushuka.

Homa ya rumatiki inaacha kovu kwenye milango hiyo, hasa ule wa kushoto ulio kati ya chumba cha juu na cha chini. Kila mara koo linaposhambuliwa tena, homa inaweza kurudi na kovu likaongezeka. Mlango mwingine unakuwa mwembamba kwa kushikana, mwingine unabaki wazi na kuvuja, na mara nyingi yote mawili yako pamoja. Damu inakwama nyuma kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo analalamika kuhusu pumzi na kifua, na watu wanatafuta ugonjwa kwenye kifua.

Daktari wa moyo anatafuta nini

Wengi wetu tunaamini kwamba ugonjwa unajulikana kwa mashine. Tukifika hospitali tukaulizwa maswali mengi tunaudhika, tunaona daktari anatupotezea wakati: si apime tu! Lakini daktari wa moyo aliyefundishwa vizuri anaanza na maneno, na anauliza mambo ambayo yanaonekana ya kawaida sana. Ukipanda kilima cha kwenda sokoni unapumzika mara ngapi? Na mwaka jana ulikuwa unapumzika mara ngapi? Unalala na mito mingapi? Usiku unaamka ukitafuta hewa, unakwenda kusimama dirishani? Jioni viatu vinakubana? Moyo unakimbia hata ukiwa umekaa? Ulipokuwa mtoto, kuna wakati ulikaa nje ya shule kwa sababu ya viungo?

Mgonjwa anajibu, "Niko sawa tu, daktari." Na anasema kweli, kwa namna yake. Mtu ambaye moyo wake unachoka polepole hagundui siku aliyoanza kuchoka. Anapunguza maisha yake kidogo kidogo ili yatoshee pumzi aliyo nayo. Mtungi wa lita 20 unakuwa wa lita 10. Baadaye anamtuma binti yake mtoni. Shamba la mbali analikodisha. Kanisani anaanza kukaa karibu na mlango. Siku ya kuchimba mtaro wa kikundi anajitolea kupika. Ukimuuliza kama anachoka atasema hapana, kwa sababu mambo yote yanayomchosha alikwisha kuyaacha.

Sasa ni nani anayejua kwamba mwaka juzi alikuwa anabeba lita 20? Si daktari. Ni nyinyi. Hapa tunaomba mwelewe vizuri: mwanakikundi anayemsindikiza mwenzake hospitali asikae tu nje kushika mkoba. Mgonjwa akikubali, aingie naye, na daktari akiuliza, aseme alichokiona. "Mwaka juzi alikuwa anatuacha nyuma kwenye kilima, siku hizi tunamngojea mara tatu." Sentensi kama hiyo inamsaidia daktari kuliko malalamiko ya ukurasa mzima.

Baada ya maneno, daktari anatazama mishipa ya shingo, anabonyeza miguu kuona kama shimo linabaki, anaweka kiganja kifuani. Halafu anasikiliza. Chombo kile cha masikioni, stethoskopu, kina historia yake. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikuwa na mgonjwa msichana mwenye dalili za moyo katika hospitali ya Necker, Paris. Kumwekea sikio kifuani aliona si adabu. Akaviringisha karatasi kama bomba, upande mmoja kifuani, upande wa pili sikioni, na akashangaa kwamba moyo unasikika vizuri zaidi kuliko kwa sikio tupu. Mlango mzima unafunga kwa sauti safi. Mlango mbovu unatoa mvumo, kama maji yanayopita kwenye bomba lililobonyea.

Ila sikio lina mipaka. Mvumo wa ule mlango wa kushoto uliobana ni wa chini sana, na kliniki yenyewe ina watoto wanaolia na pikipiki zinazopita nje. Tena kovu likiwa bado dogo halitoi sauti yoyote. Jambo hilo liliwasumbua madaktari wa zamani kwa sababu nzito. Kwenye miaka ya 1950 wapasuaji walikuwa wameanza kuupanua mlango huo uliobana, lakini kama tatizo kubwa ni kuvuja, operesheni ile haifai. Kabla ya kumpasua mtu, utajuaje? Katika mji wa Lund, Sweden, daktari wa moyo Inge Edler alimwuliza mwanafizikia Hellmuth Hertz swali hilo. Hertz akaazima kwenye kiwanda cha kutengeneza meli mashine iliyotumika kupima chuma kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, ili kuona kama kuna ufa ndani. Mwaka 1953 wakaielekeza kwenye moyo, na wakaona ukuta na mlango vikitembea. Ndiyo eko ya leo. Haichomi, haina miale kama eksirei, na ni jamaa ya ile picha wanayopigwa mama wajawazito. Kwa hivyo mkiambiwa "mpelekeni akapigwe eko," msiogope kwamba anakwenda kupasuliwa.

Eko ilionyesha jambo ambalo madaktari wa moyo wenyewe halikuwapendeza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalieleza jinsi watoto wa shule 2,170 walivyopimwa huko Msumbiji. Kwa kusikiliza kifua na kuthibitisha, walipatikana wenye ugonjwa 5. Watoto walewale walipopigwa eko, walipatikana 66. Wale 61 wengine walikuwa darasani, wakicheza mpira, na hakuna aliyejua kitu.

Mkisikia hesabu hiyo msikimbilie kudai kila mtoto apigwe eko kesho. Mashine ni chache, na wanaojua kuzisoma ni wachache zaidi. Tena kovu dogo kwa watoto wengine linatulia lenyewe. Mwenye haki ya kwanza ya eko ni mwenye dalili, na mtoto aliyewahi kuumwa na viungo kwa kuhama.

Ya kuzungumza kabla ya kuendelea: Hapa kwetu, mtoto akiumwa na koo tunafanya nini kwanza? Je, kuna mtu kijijini aliyeambiwa ana pumu, au aliyetibiwa kifua kikuu bila makohozi kuonyesha kitu, na bado hapumui vizuri? Kuna mama aliyeacha kazi nzito bila kusema kwa nini? Msitaje majina ya watu mbele ya kikundi. Anayemfahamu mtu wa namna hiyo amwendee nyumbani kwake, polepole.

Mimba inapoonyesha yaliyofichika

Tumetenga mahali pa peke yake kwa mama kwa sababu ndiye anayechelewa zaidi kujulikana. Mimba inaongeza damu mwilini karibu kwa nusu, na moyo lazima uisukume yote. Moyo wenye mlango uliobana ulikuwa unajikaza tu, sasa unashindwa. Mara nyingi ni kuanzia katikati ya mimba, au wakati wa kujifungua, au siku zile za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa.

Tatizo ni kwamba kila dalili yake ina jibu tayari. Miguu imevimba? Ni mimba. Anahema? Ni mtoto amepanda juu. Amechoka? Ni damu kidogo, apewe vidonge. Mama mmoja aliniambia kwamba katika kliniki tatu mfululizo alieleza kuwa halali usiku, anakaa amekumbatia mto mpaka alfajiri, na kila mara alijibiwa avumilie, wenzake wote wanapitia hayo. Si kweli kwamba wenzake wote wanapitia hayo. Mjamzito anaweza kuhema kidogo akipanda mlima. Lakini anayeshindwa kulala chali kwa kukosa hewa, anayeshtuka usiku akitafuta pumzi, anayekohoa povu au damu, ambaye moyo unamkimbia akiwa amekaa, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayemsindikiza aseme neno "moyo." Msingoje tarehe ya kliniki.

Mama anayejua tayari kwamba moyo wake una kovu amwone daktari wa moyo kabla ya kupata mimba, pamoja na mume wake ikiwezekana. Wengine wanabeba mimba salama wakifuatiliwa. Wengine inabidi mlango utengenezwe kwanza. Haya ni mazungumzo ya nyumbani na daktari, na mama mkwe asiyaingilie kwa kuhesabu wajukuu. (Tunajua itachekesha, lakini tumeyaona.)

Sindano ya kila mwezi

Habari njema ni kwamba kooni, ugonjwa huu unazuilika kwa dawa ya zamani na ya bei nafuu: penisilini. Koo la streptokokasi likitibiwa mapema, ndani ya siku 9 tangu lianze, homa ya rumatiki kwa kawaida haiji. Ni sindano moja, au vidonge vya siku 10 vinavyomalizwa vyote. Makoo mengi ya watoto yanaletwa na virusi na hayahitaji penisilini. Mwenye mafua, kikohozi na macho yanayotoka machozi kwa kawaida ni virusi. Mwenye homa, shingo iliyovimba na usaha kooni, bila kikohozi, apelekwe kwenye zahanati. Msinunue kapsuli mbili dukani za kumpa mtoto. Hazimtibu, zinanyamazisha koo tu. Na kukata kimio hakuondoi bakteria. Kunaleta kidonda na damu mahali ambapo tayari pana ugonjwa.

Kwa aliyekwisha kupata homa ya rumatiki, kazi ni kuzuia isirudi. Anachomwa sindano ya penisilini nzito, benzathini, kila wiki tatu au nne. Si kwa mwezi mmoja. Kwa kawaida ni miaka, mpaka awe kijana wa 21 au zaidi, na aliyeharibika moyo sana pengine mpaka 40 au maisha yake yote. Daktari ndiye anayepanga muda.

Je, inasaidia kweli? Swali hilo lilijibiwa jirani zetu, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa kwa eko. Wenye kovu dogo la kwanza, 818, wakagawanywa kwa kura: wengine sindano kila mwezi, wengine kufuatiliwa tu. Matokeo yalitangazwa 2021. Baada ya miaka miwili, katika watoto 399 waliochomwa sindano, 3 ndio kovu lao liliendelea. Katika 400 wasiochomwa, lilikuwa limeendelea kwa 33.

Lakini kuna kitu ndani ya habari hiyo ambacho magazeti hayakukiandika sana. Watoto wale hawakuachwa na kadi tu. Waliofanya utafiti waliiga huduma za ukimwi za Uganda, wakaweka makundi ya watoto wenye ugonjwa mmoja na mtu maalum wa kuwafuatilia. Wanaojua kazi ya vikundi hawatashangaa. Sindano ile ni nzito na inauma siku mbili. Mtoto anahisi ni mzima, haoni kwa nini achomwe. Zahanati iko mbali, nauli ya bodaboda ni pesa, na ukifika unaweza kuambiwa dawa imekwisha, rudi Jumatatu. Mwezi wa kwanza wanakwenda, wa pili wanakwenda, ikifika wakati wa kupanda mahindi wanasahau. Ugonjwa haulalamiki wakikosa. Unalalamika baada ya miaka kumi.

Hapa ndipo kikundi kinaweza kufanya ambalo hospitali haiwezi. Andikeni tarehe za sindano kwenye daftari lilelile la michango, zisomwe kila mkutano kama zinavyosomwa deni. Lakini muulizeni kwanza mzazi, na mtoto mwenyewe kama ni mkubwa, kama anakubali jina lake lisomwe. Asipokubali, katibu amkumbushe pembeni. Nauli ya mtoto mmoja kwa mwezi haishindi mfuko wa kikundi cha watu 20. Mmoja apige simu zahanati siku moja kabla kuuliza kama dawa ipo, na kama haipo miezi miwili mfululizo, mwenyekiti apeleke barua kwa kamati ya zahanati, kwa maandishi, na abaki na nakala. Mtoto akikua akahamia shule ya bweni, barua iende kwa mwalimu na kadi iende naye. Wengi wanapotelea hapo, kati ya nyumbani na bweni.

Jimbo la Pinar del Río nchini Kuba lilifanya kazi ya namna hii kwa miaka kumi, 1986 hadi 1996: kufundisha jamii na wahudumu, kutibu koo, kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 25 wanaopata homa ya rumatiki kwa mwaka walishuka kutoka 18.6 hadi 2.5 katika kila 100,000. Huko nchi tajiri ugonjwa ulianza kupungua hata kabla ya penisilini, kwa sababu nyumba ziliboreka na watu wakaacha kubanana. Kwa hivyo kikundi kinachosaidiana kujenga chumba cha pili, au kutoboa dirisha la kufunguka katika chumba cha watoto, nacho kinatibu moyo, ingawa hakuna daktari atakayekiandikia risiti.

Tahadhari chache

Kabla ya sindano ya kwanza mwambieni mhudumu kama mtoto aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa penisilini, na baada ya sindano mkae hapo kituoni nusu saa kabla ya kuondoka. Mgonjwa ambaye moyo umechoka sana, anayehema hata akikaa, anaweza kupewa vidonge badala ya sindano. Hilo linaamuliwa na daktari, msiliamue nyumbani. Meno yaoshwe vizuri, na akienda kung'olewa jino aseme kwanza kwamba ana ugonjwa wa moyo.

Waliofanyiwa operesheni na kuwekewa mlango wa chuma wanakunywa warfarini kila siku ili damu isigande. Damu yao lazima ipimwe mara kwa mara, na dawa za mitishamba zinaweza kuivuruga. Mwanamke anayetumia warfarini akikosa hedhi, aende kwa daktari wiki hiyohiyo, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto katika miezi ya kwanza. Lakini asiiache mwenyewe, kwa sababu mlango unaweza kuziba na akafa.

Operesheni za milango ya moyo zinafanyika hapa Kenya, miongoni mwa nyingine katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Mater huko Nairobi, na Tenwek huko Bomet. Gharama ni kubwa, na harambee peke yake mara nyingi haifiki. Kumbukeni kwamba NHIF iliondolewa, na tangu Oktoba 2024 bima ya serikali iko chini ya SHA. Mwenye kadi ya zamani ambaye hakujiandikisha upya ajue kadi hiyo haimsaidii. Kabla ya kuchanga chochote, mtu mmoja wa kikundi aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inayomtibu mgonjwa, akiwa na barua ya rufaa, majibu ya eko na nambari ya SHA, aulize bima inalipa kiasi gani, na mgonjwa anatakiwa kuleta nini na lini. Ajibiwe kwa maandishi, na karatasi hiyo isomwe kwenye mkutano unaofuata.